Kumngojea Bata Mzinga wa Mwitu

Leo twataka kuwaelezeni habari za uwindaji mmoja wa nchi ya mbali, ambao ndani yake mwindaji hamfuati ndege, bali humwita ndege aje kwake. Nchi yenyewe ni Marekani, na ndege mwenyewe ni bata mzinga wa mwitu. Wengi wetu twamjua bata mzinga afugwaye uani, yule ndege mkubwa mwenye maringo, ajifutuaye manyoya na kuwatisha watoto. Lakini ndugu yake wa msituni ni mwingine kabisa: mwepesi wa mbio, mwingi wa hofu, mwenye macho makali, tena mgumu sana kupatikana. Hatumtaji kwa ajili ya ajabu yake tu. Ndege huyu alikaribia kumalizika kwa mikono ya wawindaji, kisha akarudishwa, na baadhi ya waliomrudisha walikuwa wawindaji hao hao. Twadhani habari hiyo yastahili kusikilizwa na kila mtu akaaye karibu na viumbe vya mwitu.

Kwanza tuseme kidogo juu ya jina lake, maana jina hilo latugusa hata sisi wa Afrika. Waingereza humwita kwa jina lile lile waliloipa nchi ya Waturuki, ingawa ndege huyu hakutoka Uturuki. Yasemekana kwamba zamani kanga wa Afrika walipelekwa Ulaya kwa mikono ya wafanya biashara wa Kituruki, nao wakaitwa ndege wa Waturuki. Baadaye, katika karne ya 16, Waspania walipoleta bata mzinga kutoka Mexico, ambako wenyeji walikuwa wamemfuga tangu zamani, watu wa Ulaya wakamchanganya na kanga, wakampa jina la kanga. Hata jina lake la kitaalamu, Meleagris, ni neno la kale la Kiyunani lililokuwa jina la kanga. Basi ndege wa Marekani avaa mpaka leo jina aliloazima kwa ndege wa kwetu.

Dume aliyekomaa huwa na uzito wa ratili 16 mpaka 24, na jike ratili 8 mpaka 10 hivi. Manyoya ya dume ni meusi-meusi, lakini yakipigwa na jua humeta kama shaba. Kichwa hakina manyoya, na ngozi yake hugeuka rangi kwa kadiri ya moyo wake ulivyo: mara nyekundu, mara nyeupe, mara samawati. Kifuani huning'inia shungi la manyoya magumu kama singa za mkia wa farasi, na wawindaji huliita ndevu. Miguuni ana vikwaru kama jogoo. Hajui sana kunusa, lakini husikia vizuri mno, tena macho yake yako pembeni mwa kichwa, hata akigeuza shingo kidogo tu ameona pande zote. Mtu akiinua kidole kujikuna, ndege amekwisha ona, na mara moja ametoweka.

Sasa, kwa nini awindwe katika majira ya machipuko? Huko hakuna masika na vuli kama huku kwetu. Kuna miezi ya baridi kali, ambayo miti mingi hupukutika majani yote. Kisha mwezi wa Machi mpaka Mei siku huzidi kuwa ndefu, theluji huyeyuka, na majani huchipua upya. Wakati wa baridi, bata mzinga hukaa makundi makundi, na madume huwa mbali na majike. Siku zianzapo kurefuka, makundi huvunjika, na madume huanza kuita. Kila alfajiri, dume angali juu ya mti alikolala, hutoa mlio wa haraka kutoka kooni, kama maji yamwagikayo kutoka mtungi wenye shingo nyembamba. Palipo kimya, mlio huo waweza kusikika mwendo wa maili nzima. Akishuka chini hufungua mkia wake kama upepeo, huburura mbawa zake ardhini, na kwenda kwa madaha akingoja majike waje.

Hapo wasikilizaji wetu na watie maanani neno hili, kwa kuwa ndilo shina la uwindaji wote: kwa desturi ya ndege hawa, dume huita na jike huja. Mwindaji ataka kinyume chake. Yeye hujifanya jike, akaita, akataka dume amjie. Yaani amwomba ndege avunje desturi ya ukoo wake. Ndiyo maana kazi hii haifanywi kwa nguvu wala kwa mbio, bali kwa werevu na saburi.

Tufikirie basi asubuhi moja ya mwezi wa Aprili katika vilima vya jimbo la Missouri. Ni saa kumi alfajiri, giza tupu, na baridi yauma. Jana jioni mwindaji alikuja kusikiliza tu, akamsikia dume akilia alipokuwa akipanda mtini kulala. Leo arudi kwa hatua za polepole, na afikapo yadi 150 au 200 kutoka mti ule, hukoma. Akikaribia zaidi, ndege atamtambua, na shughuli ya siku imekwisha. Achagua mti mpana kuliko mabega yake, aketi chini na kuuegemea. Nguo zake ni za rangi ya majani na magome, uso umefunikwa kitambaa, na mikono imetiwa glavu. Bunduki yake ya marisau ameilaza juu ya goti. Tangu hapo kazi yake kubwa ni kutotikisika.

Ikiwa hakujua dume alipolala, iko hila moja. Huiga sauti ya bundi. Huku kwetu bundi akilia usiku watu hushtuka, wakahofu habari mbaya. Huko naye dume la bata mzinga hushtuka, lakini kushtuka kwake humfanya ajibu kwa mlio, bila kufikiri. Kwa kujibu, amekwisha toa habari ya mahali alipo.

Kukianza kupambazuka mwindaji huanza kuita. Jike wa bata mzinga ana milio mingi, na kila mlio una maana yake. Kuna mwito wa kurudiarudia, ndio autumiao kuwatafuta wenziwe. Kuna mguno mfupi mmoja, kama mtu aulizaye, "Uko wapi?" Kuna mkoromo mwororo, kama wa paka aliyeshiba, aufanyao akila kwa amani. Na kuna mlio mkali wa kukatika, ambao maana yake ni hatari. Mwindaji mwanafunzi akikosea, akatoa huo wa mwisho badala ya ule wa pili, amejifukuzia ndege mwenyewe.

Vyombo vya kuitia ni vya namna nyingi. Wenyeji wa kwanza wa Amerika, tangu kale, walifyonza hewa katika mfupa wa ubawa wa bata mzinga mwenyewe, wakapata sauti yake. Wengine hutumia kibao cha sleti, kama vile watoto wa skuli walivyoandikia zamani, wakikikwaruza kwa kijiti. Wengine hutumia kisanduku chembamba cha mbao chenye kifuniko kirefu kipakwacho chaki. Kifuniko kikisuguliwa juu ya ukingo wa kisanduku, hutoka sauti ya jike. Mtu mmoja wa jimbo la Arkansas, Henry C. Gibson, alipata hataza ya serikali kwa kisanduku cha namna hiyo mwaka 1897. Na wako watumiao kipande chembamba cha mpira kinachowekwa kinywani juu ya ulimi, ili mikono yote miwili ibaki bure.

Lakini chombo kilicho bora kuliko vyote ni kimya. Mtu mgeni wa kazi hii, dume akimjibu, hufurahi akaita tena, na tena, na tena. Naye dume asikiapo jike aitaye kwa shauku namna hiyo, husimama pale pale. Hudhani jike yuaja, kama ilivyo desturi. Basi ya nini kujisumbua? Hufungua mkia na kungoja, yadi 80 mbali, nyuma ya kichaka, ambako marisau hayafiki. Mwindaji mzoefu huita mara mbili tatu, kisha hunyamaza nusu saa au zaidi. Dume huona ajabu: jike amekwenda wapi? Polepole huanza kutafuta. Na hata hapo kijito kidogo, au ua wa seng'enge, waweza kumzuia asivuke. Asubuhi nyingi huisha hivyo, mwindaji akarudi nyumbani na miguu iliyokufa ganzi, asipate kitu ila kusikia ndege wa alfajiri. Wenyewe husema hawahesabu asubuhi hiyo kuwa hasara.

Dume akija, ni lazima aachwe akaribie hata yadi 40 au chini ya hapo, na alengwe kichwani na shingoni, ili afe mara moja. Kumpiga kwa mbali ni kumjeruhi, akaenda kufia vichakani bila faida kwa mtu. Hilo ni aibu kwa mwindaji.

Sasa twaja kwenye neno la hatari, nalo si dogo. Msitu huo huo waweza kuwa na wawindaji wawili, kila mmoja asijue habari za mwenziwe. Mmoja amejificha, amevaa nguo za majani, aiga sauti ya ndege. Wa pili asikia sauti ile, naye badala ya kuketi na kungoja, anyemelea. Aona kitu chatikisika, aona rangi nyekundu ya leso, moyo wake wamwambia, "Ndiye huyo!" Watu wamepigwa risasi kwa njia hii hii, na wengine wamekufa. Kwa hiyo wawindaji hufundishwa mambo haya kabla ya kuingia msituni. Usivae nguo nyekundu, nyeupe wala samawati, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Egemea mti mpana, ili mgongo wako ukingwe. Usiufuate mlio wa ndege kwa kunyemelea. Ukimwona mtu mwingine, usimpungie mkono, bali sema naye kwa sauti kubwa. Na zaidi ya yote, usifyatue kwa kusikia wala kwa kudhani. Ngoja mpaka umemwona ndege mzima, na ndevu zake kifuani. Marisau yakishatoka hayaitiki yakiitwa.

Kungoja mpaka ndevu zionekane kuna maana ya pili, ambayo ndiyo ya sheria. Katika majira ya machipuko majimbo huruhusu kuuawa kwa madume, au ndege wenye ndevu tu, ili majike wasalimike. Jike hutaga mayai 10 mpaka 12 katika kishimo cha majani chini ya kichaka, akaatamia siku 28. Kicheche, nyoka, kunguru, wote wayataka mayai yale, na vifaranga wengi hufa katika majuma ya kwanza. Jike mmoja akiuawa wakati huo, kizazi kizima kimepotea pamoja naye. Lakini dume mmoja hupanda majike wengi, na hasaidii kuatamia wala kulea. Kwa hiyo madume kadhaa wakiuawa kwa kiasi, baada ya majike kukwisha pandwa, kizazi hakipungui sana. Katika majimbo kadhaa mwindaji hutakiwa pia aache kuwinda ifikapo saa sita mchana, hasa mwanzoni mwa msimu.

Sheria hizi hazikuwako tangu mwanzo, na kukosekana kwake kulileta msiba. Wazungu walipofika Amerika ya Kaskazini, bata mzinga wa mwitu walikuwa mamilioni. Watu wakakata misitu ili wapate mashamba, wakaua ndege mwaka mzima, majike kwa madume, wakawapeleka kwa magari mazima kuuzwa sokoni mijini. Katika jimbo la Connecticut walikwisha kabisa mapema katika karne ya 19. Katika jimbo la Massachusetts yule wa mwisho aliyejulikana aliuawa mwaka 1851. Kufika miaka ya 1930, hukadiriwa kwamba katika nchi yote walikuwa wamebaki ndege 200,000 tu, nao wamejificha katika mabonde na vinamasi ambako shoka halikufika.

Kurudi kwao kulitokana na mambo kadhaa yaliyofuatana. Mwaka 1900 ilitungwa sheria ya kuzuia nyama ya mwitu iliyopatikana kinyume cha sheria isisafirishwe kutoka jimbo hata jimbo kwa biashara. Mwaka 1937 ikatungwa nyingine, ambayo kwayo ushuru wa bunduki na risasi hupelekwa majimboni kuwatunza wanyama na mahali wakaapo. Basi kila mwindaji anunuapo risasi, hulipa sehemu ya gharama ya kumhifadhi ndege anayemtaka. Wakati huo huo mashamba mengi yalikuwa yameachwa na wenyewe kwa ajili ya umaskini wa nyakati zile, na misitu ikaota tena.

Lakini ndege watarudije katika misitu mipya? Kwanza watu walifuga bata mzinga, wakawaangulia mayai, wakawafungulia vifaranga msituni kwa maelfu. Ikawa kazi bure. Ndege aliyelelewa na mtu hakufundishwa na mamaye kumwogopa mbweha wala kupanda mtini jioni, akaliwa upesi. Ndipo ikaonekana kwamba hapana budi kuwakamata ndege wa mwitu wenyewe na kuwahamisha. Mwaka 1951, katika jimbo la South Carolina, wataalamu walifanikiwa kwa wavu mkubwa urushwao na mizinga midogo. Mahindi humwagwa chini, ndege huja kula siku baada ya siku hata wakazoea. Kisha siku moja mizinga hulipuka, na wavu huwafunika. Basi twaweza kusema kwamba bata mzinga aliokolewa na mzinga. Wakiisha kunaswa hutiwa katika makasha, wakachukuliwa mpaka msitu usio na ndege, wakafunguliwa.

Massachusetts walipewa ndege 37 tu kutoka jimbo la New York katika miaka ya 1972 na 1973. Leo jimbo hilo lina maelfu, hata wengine hutembea katika barabara za miji. Huko Missouri uwindaji ulifungwa mwaka 1937. Ulipofunguliwa tena katika machipuko ya mwaka 1960, uliruhusiwa kwa siku tatu tu, na ndege waliouawa walikuwa 94. Mwaka 2004, katika msimu mmoja wa machipuko wa jimbo hilo hilo, hesabu ilipita 60,000. Leo bata mzinga wa mwitu wako katika majimbo 49 kati ya 50, wote isipokuwa Alaska, na hukadiriwa kuwa milioni 6 hivi.

Tungeweza kukoma hapo, na ingekuwa hadithi yenye mwisho mzuri. Lakini haingekuwa kweli yote. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, katika majimbo mengi ya kusini na ya kati, Missouri likiwamo, ndege wameanza kupungua tena, na vifaranga waonekanao wakati wa joto ni wachache kuliko zamani. Wataalamu wachunguza sababu nyingi: mahali pa kuatamia pameharibika, wanyama walao mayai wamezidi, na maradhi. Wengine wauliza pia kama msimu wa kuwinda haufunguliwi mapema mno, hata madume wenye nguvu wakauawa kabla majike hawajapandwa. Kwa hofu hiyo majimbo kadhaa yamechelewesha msimu au kupunguza idadi. Katika jimbo la Georgia, kwa mfano, mwaka 2022 mwindaji aliyekuwa na haki ya madume watatu kwa msimu alipunguziwa wakawa wawili, na siku ya kufungua ikasogezwa mbele. Wako walionung'unika. Lakini wengi walikubali, kwa kuwa wanazo habari za mababu zao waliokuwa na misitu isiyo na mlio wowote alfajiri.

Wasikilizaji wetu, hatukuyasema haya ili mtu achukue bunduki. Kila nchi ina sheria zake. Nchini Kenya uwindaji wa mchezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Tanzania hauruhusiwi ila kwa leseni. Tena ndege huyu wa mwitu hayuko kwetu. Tulichotaka kuonyesha ni kwamba kungoja ni kazi, tena kazi yenye matunda. Mwindaji hungoja kwa kunyamaza, ndipo dume akaja. Hungoja aone ndevu, ndipo mwenziwe aliyejificha akarudi kwa watoto wake salama. Na Missouri ilingoja miaka 23, tangu 1937 mpaka 1960, bila mtu kuruhusiwa kuwinda ndege huyo, ndipo wajukuu wakasikia mlio ambao wazee wao walikaribia kuusahau. Wanaotega kwale na kanga mashambani mwetu wayajua hayo mawili ya kwanza vizuri. Hilo la tatu yafaa tulifikiri sote, kabla vichaka vyetu navyo havijanyamaza.